Sahani ya Mama Vernetta

Asubuhi tuliyomzika Mama Vernetta nilikuwa nimesimama mbele ya kioo, nahangaika na kitambaa cheusi kilichokataa kukaa kichwani, na mwanangu Baraka alikuwa jikoni anaongea na simu. Nyumba yetu ya Fridley, huku Marekani, imegawanyika katikati: upande mmoja tunakaa sisi, upande wa pili tunapangisha, na wapangaji wa mwisho walikuwa wamehamia Burnsville wiki chache nyuma. Nikamsikia Baraka akisema kwa Kiingereza chake laini, kile anachokivaa akienda kazini, "Pole sana dada, imeshachukuliwa." Nikamshukuru Mungu kwamba tumepata mtu upesi namna ile, maana adha ya nyumba kukaa tupu naijua. Sikuuliza ni nani aliyeichukua. Siku ya msiba kichwa hakibebi mambo mawili, na Mama Kevin alikwisha kupiga honi nje.

Mama Kevin ni Mkenya, nesi katika nyumba ya wazee ya Blaine ambako Mama Vernetta alimalizia miaka yake, na ndiye aliyenipigia simu kunipa habari. "Leo mimi ndio nina-drive," aliniambia nilipofungua mlango wa gari. "Wewe kazi yako ni kulia." Sikulia. Nilikaa nikitazama dirishani, na tulipoingia Saint Paul nikamwambia kwamba sasa hivi tunapita juu ya jiko la mama mkwe wa Mama Vernetta. Akanikata jicho; alidhani huzuni imenipanda kichwani. Ikabidi nimweleze. Zamani hapo palikuwa na mtaa wa watu weusi, wenye makanisa yao na vinyozi wao, na mji ulipotaka barabara kuu uliipitisha katikati yake. Nyumba zikabomolewa, watu wakaambiwa watafute kwingine. Vernetta na mumewe wakaenda kutafuta kwingine, wakiwa na kazi zao na nguo zao za kanisani, na kila mlango waliobisha waliambiwa kwa tabasamu kwamba nyumba imeshachukuliwa.

Haya yote niliyajua kwa sababu mwaka wangu wa pili Marekani niliumalizia katika nyumba yake. Niliyoyaacha kwetu na namna nilivyofika huku hayana kazi hapa, nayaruka. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, mwanafunzi, na nilipanga kwake chumba cha juu chenye dari la mteremko ambalo lilinigonga kichwa kila nilipoamka na haraka. Watu wote walimwita Bi Coles. Mimi nilimwita Mama, maana sikujua njia nyingine ya kumwita mwanamke wa umri ule anayenipikia, na siku ya kwanza alinitazama juu ya miwani akasema, "Sikuzaa mtoto anayekula polepole hivyo, lakini sawa." Chuoni walikuwa wamelifupisha jina langu wakaniita Ellie. Yeye alikataa. Alilifanyia mazoezi akiosha vyombo, E-li-e-shi, E-li-e-shi, mpaka likakaa, kisha akawa anawasahihisha wageni wake kwa ukali kuliko mimi mwenyewe.

Maisha ya nyumba ile yalikuwa jikoni. Palikuwa na meza ya chuma yenye mguu mmoja uliotiwa kigae chini, na simu ya ukutani yenye waya mrefu uliofika mpaka kwenye jiko, hivyo Mama Vernetta aliweza kubishana na diwani huku anakaanga kambale. Alipika kunde, mkate wa mahindi, na majani mapana kama sukuma wiki ambayo aliyachemsha mpaka yasahau kwamba yaliwahi kuwa mboga. Mimi nilimpikia ugali kwa unga wake wa mahindi. Alionja, akatafakari, akaniuliza sukari iko wapi. Usichana wake niliupata kwa kudokoa, akiwaeleza watu wengine mimi nikiwa namenya viazi. Kwao Kusini mwa Marekani alikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda kukaa kwenye kaunta ya duka ambamo mtu mweusi aliruhusiwa kununua uzi lakini si kunywa kahawa. Alimwagiwa sosi ya nyanya kichwani, akafungwa, akatoka, akarudi kukaa kiti kile kile. "Kule walikuwa wanaandika ukutani nani haruhusiwi," alimwambia mchungaji mmoja. "Unasoma, unajua ulipo. Huku hawaandiki kitu. Huku wanakusikia rangi kwenye simu, halafu wanakuonea huruma kwamba umechelewa." Alikuja Saint Paul akidhani amemaliza vita. Akaikuta imevaa nguo nyingine.

Njia yake ya kupigana ilikuwa rahisi, hata mtoto angeielewa. Mtu mweusi akija kumlalamikia kwamba amenyimwa nyumba, Mama Vernetta hakupiga kelele. Alimtuma mtu mweusi mwingine akaiulizie nyumba ile ile, na siku hiyo hiyo, baadaye kidogo, akamtuma Carol, mama wa Kizungu wa kanisa la jirani, aulize kwa maneno yale yale. Majibu yakitofautiana, ana kesi mkononi. Waliotumwa waliporudi hawakuruhusiwa kuonana. Mmoja alibaki sebuleni, mwingine aliingia jikoni, akakaa kwenye meza ile ya kigae na kusema kila kitu tangu alipobisha mlango. Sahani yake ilikuwa juu ya jiko, imefunikwa, unaisikia harufu, na hakuna aliyeigusa. Kwanza kusema, kisha kula. Nilidhani ni ukatili mdogo wa kizee mpaka nilipomuuliza. Alisema kwamba watu wakishaanza kula pamoja wanaanza kukubaliana, na wakikubaliana wanasahau walichokiona.

Mwishoni mwa majira ya baridi akaja Darlene. Alifanya kazi kiwandani Fridley, hakuwa na gari, na alilala na mwanawe kwenye kochi la dada yake upande mwingine wa mji, akibadilisha basi njiani kwenye theluji. Kiwandani walimwonya kwamba akizidi kuchelewa, kazi hana. Karibu na kiwanda palikuwa na jengo lenye bango la nafasi wazi, na mwenyewe, Bwana Harlan, alimtazama yeye na mtoto akamwambia imeshachukuliwa. Bango liliendelea kuning'inia. Dada aliyezoea kutumwa kazi hizo alikuwa anaumwa, kwa hiyo Mama Vernetta akanigeukia mimi. Maagizo yalikuwa mafupi: ingia, uliza kama kuna nafasi, itazame, shukuru, toka.

Sasa mtu atanisaidia: utaingiaje ofisini kwa mzee mwenye mvi, uanze tu na nyumba, kama unayenunua vocha? Mimi sikuweza. Nilimuuliza ameamkaje. Nikamuuliza na wa nyumbani hawajambo. Akakohoa, nikampa pole, nikamuuliza kikohozi kimeanza lini na anatumia dawa gani. Bwana Harlan alishusha kalamu. Nadhani alikuwa hajaulizwa maswali yale na mtu yeyote tangu mkewe afariki, maana alinieleza na hilo pia. Akauliza ninatoka wapi, nikasema Tanzania, na uso wote ukafunguka: kanisa lao linasaidia hospitali huko! Nikapewa kahawa, nikapewa biskuti. Akanionyesha nyumba mwenyewe. Ilikuwa na sinki chini ya dirisha, na dirisha lilitazama mti, na mimi nilikuwa naolewa Julai na kijana ambaye alikaa bwenini na hakuwa na pa kunipeleka. Niliitaka nyumba ile mpaka mate yakanijaa. Tukiwa bado tumesimama pale, akanitia ufunguo mkononi, akasema kwa wema kabisa, "Ninyi Waafrika mna adabu. Si kama hawa weusi wetu wa hapa. Juzi alikuja mmoja na mtoto, nikamwambia imeshachukuliwa. Wewe hamia mwanzo wa mwezi."

Nilimrudishia ufunguo nikisema nitafikiri, nikarudi Saint Paul na ladha ya biskuti bado mdomoni. Carol alikuwa ametangulia kurudi kwa gari lake, maana mimi nilipanda basi. Nilisikia kikohozi chake sebuleni. Nikakaa kwenye meza, sahani yangu juu ya jiko, Mama Vernetta na taulo begani. Nilipofika kwenye kahawa aliacha kufuta vyombo. Nilipofika kwenye ufunguo alivuta kiti akakaa.

"Nimeharibu?" nikamuuliza.

"Nilikuambia uulize nyumba, Elieshi. Nani alikuambia uulize kikohozi?" Akavua miwani. "Wakili wake atasema, tazameni, huyu amemkubalia mtu mweusi, ubaguzi uko wapi. Hebu rudia alivyosema. Neno kwa neno."

Nikarudia. Aliifuta miwani kwa taulo la begani. Halafu akasema, "Miaka yote hii nimepata watu wa kuniambia hapana. Sijawahi kupata mmoja wa kuniambia kwa nini." Akanieleza kwamba patakuwa na kikao cha mji cha kusikiliza malalamiko ya nyumba, na kwamba maneno yale lazima niyaseme mimi, kwa mdomo wangu, yeye hawezi kunisemea. "Na kama unaitaka ile nyumba, ichukue," alisema. "Nitakasirika, lakini sitakufukuza mezani." Ndipo alipofunua sahani.

Obadia, kijana niliyekuwa naolewa naye, alifurahi mpaka akapiga kofi meza ya maktaba. "Eli, hiyo ni bahati! Julai tungelala wapi?" Nilipomweleza habari ya kikao, furaha ikamtoka. Alitazama nyuma yake kwanza, kama tuliokuwa tunapanga kuiba. "Wewe una viza ya mwanafunzi. Huu ni ugomvi wao, waliuanza kabla hatujazaliwa. Sisi si wao. Tumekuja kusoma, tumalize, turudi kwetu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa, na mimi pia nilikuwa naogopa, ila yeye alikuwa na maneno na mimi sikuwa nayo. Nikachukua mfuko wangu nikaondoka.

Jumapili Darlene alikuja kutoka kanisani na mwanawe amelala begani. Alikuwa ameshaambiwa. Aliketi mkabala na mimi akala na koti lake, kama mtu anayesikilizia basi, kisha akanyanyua macho. "Kwa hiyo wewe ndiye yule mweusi mzuri," alisema. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitaka kumwambia kwamba sikuomba kitu, niliamkia tu. Lakini nilimtazama yule mtoto, mdomo wazi, soksi moja imemtoka, nikaona kwamba ufunguo niliotiwa mkononi haukuwa zawadi kwangu. Ulikuwa umetolewa kwenye mkono wa mama yake, na mimi nilipewa ili yeye abaki nje. Iliniuma, tena iliniuma zaidi kwa sababu nyumba bado niliitaka. Nikamwambia nitakwenda kusema. Alijibu kwamba akiona ndipo ataamini, akaniomba chumvi.

Chumba cha kikao kilikuwa na viti vya chuma na harufu ya zulia lililoloana. Bwana Harlan alivaa tai. Aliponiona akanipungia mkono, maskini, akidhani nimekuja kumtetea. Watu wengi hudhani nilichoogopa siku ile ni viza. Viza nilikuwa nimeisahau. Kilichonitisha ni kwamba natakiwa kumwumbua mzee hadharani, mzee aliyeninywesha kahawa, na malezi yangu yote yalikuwa yamenifundisha kwamba mtu hafanyi hivyo. Mwenyekiti aliniuliza Bwana Harlan alisema nini hasa. Nikamtazama Mama Vernetta anisaidie, hata kwa kutikisa kichwa. Alikuwa ameshusha macho kwenye mkoba wake, anaufungua, anaufunga, anaufungua, kana kwamba hanijui. Nikaelewa kwamba hatanisaidia. Nikamgeukia Bwana Harlan, nikamwambia, "Samahani, mzee wangu," kisha nikayasema yote, neno kwa neno, pamoja na biskuti. Hakukana. Alisema tu, kwa mshangao wa kweli, "Lakini mimi nilikuwa namsifu." Nilipokuwa natoka nikamwona Obadia kwenye safu ya nyuma kabisa, hajavua koti, kofia amepakata. Sikuwa nimemwambia siku. Alinibebea mfuko njia nzima.

Iliamriwa Darlene apewe nyumba, akaipata. Nilimsaidia kuhamisha maboksi, tukala samaki tumekaa sakafuni kwa sababu viti hakuwa navyo, akaniambia, "Mweusi mzuri, sogeza hiyo chumvi," na jina likaniganda tangu hapo. Mimi na Obadia tulianza maisha katika chumba cha chini ya ardhi ambacho dirisha lake lilifika usawa wa theluji. Kurudi kwetu tulikuwa tunarudi kila mwaka, kwa mdomo. Obadia alizikwa hapa hapa, miaka mitatu iliyopita, na mambo ya upangishaji akamwachia Baraka.

Basi kanisani walimsifu Mama Vernetta kwa maneno makubwa ambayo angeyakatiza katikati. Baada ya mazishi tuliteremka ukumbini chini ya kanisa kula, kuku, kunde, yale majani yaliyosahau ubichi wao. Darlene, sasa bibi mwenye fimbo, alinishika mkono akasema, "Mweusi mzuri, umezeeka vibaya," tukacheka, halafu tukalia, sote wawili, bila aibu. Akinamama wa kanisa wakanifungia sahani ya kumpelekea Baraka nyumbani, imefunikwa kwa foili. Nilikuwa naipokea Mama Kevin aliporudi kutoka nje, simu mkononi, anang'aa.

"Mama Baraka, Mungu ni mwema. Cousin yangu anatafuta nyumba, nimetoka tu ku-call Baraka sai. Amesema upande ule uko wazi, hakuna mtu amechukua, tuje kesho tuone."

"Amesema uko wazi?"

"Wazi kabisa. Na nimeshukuru, maana unajua vile hawa watu wa hapa wako. Afadhali watu wetu."

Nilisimama pale na ile sahani ya moto. Dada mmoja alipiga simu asubuhi akaambiwa imeshachukuliwa. Mwingine amepiga baadaye, siku hiyo hiyo, kuhusu nyumba hiyo hiyo, akaambiwa karibu. Hakuna aliyewatuma. Mama Vernetta alikuwa chini ya udongo hata saa moja bado, na kazi yake imefanyika nyumbani kwangu. Mama Kevin nilimjibu njiani kwamba cousin yake atangoja zamu, nyumba ina mtu mbele yake. Alininunia mpaka Fridley.

Baraka alikuwa na njaa. Alinikumbatia, akaniambia pole, akanyoosha mkono kwenye foili. Nikaisogeza sahani upande wangu wa meza nikakaa, mkoba mapajani.

"Yule dada wa asubuhi. Ulimwambia nyumba imechukuliwa na nani?"

Ana miaka thelathini na minne, lakini masikio yalimtelemka kama ya mtoto. "Mom, come on. It's not like that. Nilimsikia tu vile anaongea, I just knew ni mweusi wa hapa, and I didn't want drama. Dad alikuwa anasema tuwape watu wetu."

"Baba yako alisema mengi. Halafu siku ilipofika akaja akakaa kwenye kiti cha nyuma." Hadithi ile hakuwahi kuisikia, nikamsimulia pale pale, na chakula kinapoa. Nilipomaliza alikuwa anatazama meza. "Mpigie," nikamwambia. "Weka sauti niisikie."

Simu ililia kwa muda. Sauti iliyopokea ilikuwa ya msichana, kavu, ya mtu aliyekwisha kupiga namba nyingi siku hiyo. Baraka akajitambulisha, akasema ni kuhusu nyumba ya Fridley, kwamba, kumbe, inaonekana ipo nafasi.

"Asubuhi uliniambia imechukuliwa," akasema msichana. "Imekuwaje?"

Baraka akanitazama nimsaidie. Nikashusha macho kwenye mkoba wangu. Nikaufungua, nikaufunga, nikaufungua tena, na nilimpenda mwanangu wakati ule, lakini sikunyanyua uso.

"Haikuwa imechukuliwa," alisema hatimaye. "Nilisikia sauti yako nikakudanganya. Samahani."



"Na kwa nini unaniambia sasa?"

"Mama yangu amekaa hapa na chakula changu. Hanipi mpaka niseme."

Tukasikia pumzi, labda kicheko, labda si kicheko. "Nitakuja kesho saa nane kuiona," msichana akasema. "Na mwambie mama yako asikupe bado. Asubiri mpaka nifike."

Baraka aliiweka simu mezani. Nikaibana foili vizuri pembezoni, nikaichukua sahani, nikaiweka kwenye friji.